Tumerudi Bila Kuitwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, wala si umesimama juu ya stuli ukifuta madirisha, maana nimeambiwa goti bado linakusumbua na wewe bado hulisikilizi. Mimi ni mzima. Mafua yaliyonishika mwezi uliopita yamekwisha, nimebaki na kikohozi kidogo cha asubuhi ambacho nakisingizia vumbi la karatasi. Wajukuu wako nao wazima. Mkubwa amenipita kimo na sasa ananitazama kwa juu kama mkaguzi, mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kupigwa picha. Ile dawa ya macho niliyokutumia umeanza kuitumia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine?

Nakuandikia kutoka kiwandani, wakati wa mapumziko ya mchana, juu ya meza ya mashine yangu ya kukatia karatasi. Wenzangu wametoka kwenda kula. Usishangae kuona karatasi ni ndefu na nyembamba, ni mabaki ya pembeni ya madaftari ya shule, na tajiri wetu haoni ubaya tukiyatumia. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu unanikatiza, mama, na mimi nikikatizwa na wewe narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nasema ndiyo mama, basi, yanaishia hapo. Safari hii nataka kufika mwisho wa sentensi zangu.

Barua yako niliipata. Baba Mdogo aliileta mwenyewe Alhamisi iliyopita, siku mbili kabla ya onyesho letu. Aliketi ukingoni mwa kochi, kofia magotini, akawa anautazama ukuta mpaka nilipomaliza kusoma. Uliandika kwamba bendi ilizikwa pamoja na Kaka, na sisi tuliobaki tunamsumbua huko aliko kwa makelele yetu. Uliandika kwamba mimi ni mpiga besi, tangu mwanzo nilikuwa mpiga besi, na kusimama mahali pake nikiwa na gitaa lake mikononi ni sawa na kuvaa shati la marehemu nikaenda nalo dansini. Ukamaliza kwa kusema kwamba kama bado nakuheshimu, nimpe Baba Mdogo gitaa alirudishe nyumbani.

Nilimpa. Bila shaka amekueleza kwamba sikubishana. Nililifuta vumbi, nikazilegeza nyuzi kidogo ili shingo isipinde njiani, nikalitia kwenye mkoba wake na kumbebea mpaka chini ya ngazi. Nadhani Baba Mdogo alikuja amejiandaa kwa vita, maana alipoona vita haipo aliniuliza kama ni kweli nyimbo zetu mpaka leo hazina mwimbaji. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa kama daktari. Unakumbuka alivyokuja kutusikiliza mara ya kwanza, akavumilia saa nzima na nusu, kisha akamvuta Kaka pembeni kumwuliza tutamaliza saa ngapi kujaribu vyombo ili muziki uanze.

Gitaa nililitoa kwa sababu ni lako, wewe ndiye uliyemnunulia. Lakini onyesho halikuwa lako, mama, nalo sikumkabidhi mtu.

Mengine unayajua, ila unayajua kwa upande wako, kwa hiyo acha niyaseme kwa upande wangu. Tulikuwa wanne. Kaka alipiga gitaa na kutunga. Mimi besi. Kinanda alikipiga Mwalimu, ambaye mchana alifundisha hesabu, na dramu zilikuwa za Fundi Saa, aliyekuwa na kimeza chake cha kutengenezea saa mbele ya duka la viatu. Jina la Saba na Nusu tulilipata siku Kaka alipotuletea wimbo ambao hakuna aliyeweza kuufuata mpaka Mwalimu alipouandika ubaoni na kugundua kwamba una mapigo saba na nusu. Watu walikuja kutusikiliza wakitaka kucheza, miguu ikawapotea, wakarudi kukaa. Usiku wa kwanza mmoja aliuliza kwa sauti kama mwimbaji amechelewa. Tulitoa kaseti moja tu, Mvua Upande Mmoja. Walioipenda waliipenda sana, ila wote wangeweza kuenea kwenye ukumbi wa harusi na viti vikabaki. Miaka miwili baadaye Kaka alifariki, nasi tukanyamaza. Miaka kumi na tisa. Mimi nikakata karatasi, Mwalimu akawa makamu mkuu wa shule, na saa zilipopungua mikononi mwa watu Fundi Saa akahamia kwenye vioo vya simu, ingawa jina limemng'ang'ania.

Mwaka jana muuguzi mmoja alimpelekea Fundi Saa ile saa yake ya kubandika kifuani. Akiwa anasubiri, akasikia vidole vya mzee vikigonga meza, naye akamalizia pigo kwa mdomo. Lilikuwa pigo la wimbo wetu wa tatu. Kumbe kaseti yetu aliirithi kwa dada yake, na ndiyo iliyomfundisha kupiga besi, sauti moja baada ya nyingine. Fundi Saa akamleta mpaka getini hapa kiwandani nikiwa bado na aproni. Yule binti akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza albamu ya pili iko wapi, kama mtu anayemdai fundi cherehani nguo yake ya sikukuu. Nikamjibu kwamba bendi haina mpiga gitaa. Fundi Saa akanitazama usoni, akasema bendi mpiga gitaa inaye. Nilirudi kazini nikakata rimu nzima kimakosa.

Tukaanza. Kila Jumamosi asubuhi, katika stoo ya shule ya Mwalimu, katikati ya madawati yaliyovunjika miguu. Muuguzi akashika besi, mimi nikashika gitaa la Kaka. Miezi saba. Nyimbo nane: tano za Kaka, kutoka kwenye lile daftari lake la jalada la kijani, na tatu zangu. Ndiyo, zangu. Tulipokwisha kurekodi, Mwalimu aliupeleka mmoja kwa mkuu wa vipindi wa redio. Yule bwana alisikiliza kama dakika mbili, akasema vijana mnajitahidi (Mwalimu ana miaka hamsini na sita), ila tafuteni msichana wa kuimba, na huu wa dakika tisa ufanyeni wa dakika tatu. Mwalimu akamwambia kwa upole wote kwamba akitaka dakika tatu asikilize theluthi yake. Ndipo yule bwana akakasirika na kumwuliza kwani nani aliwaita mrudi. Mwalimu alitusimulia hayo huku anacheka, na hapo hapo albamu ikapata jina. Tumerudi Bila Kuitwa. Jalada nimelikata kwa mashine hii hii ninayoiegemea sasa.

Kengele imelia, naona wenzangu wanarudi. Nitaendelea nyumbani.

*

Leo ni Jumanne, watoto wako shule, nami nimeomba ruhusa ya asubuhi.

Nikueleze onyesho. Baba Mdogo alipoondoka na gitaa Alhamisi ile, nilimpigia Mwalimu. Ijumaa akaja na gitaa la chama cha muziki cha shule. Jekundu, limechubuka, limeandikwa kwa kalamu ya wino majina ya wanafunzi waliomaliza zamani, na ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi umekatika, kwa hiyo uzi wa pili hukazwa kwa koleo. Muuguzi alipoliona aliniuliza kama tuahirishe. Nikamwambia kama ningekuwa mtu wa kuahirisha ningeahirisha nilipokuwa na gitaa zuri.

Tulipiga Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Watu mia moja na kumi na wanne. Mwalimu hawezi kuacha kuhesabu. Koleo nililiweka juu ya spika. Mwanzoni vidole vilikuwa baridi na nilikuwa na hasira, mama, sitakuficha, nilikuwa na hasira na wewe. Wimbo wa kwanza niliupiga kwa hasira hiyo na ukaenda mbio mno, Fundi Saa akanikodolea macho kama mtu anayeshikilia ng'ombe kamba. Wa pili ukatulia. Ilipofika zamu ya ule wa dakika tisa nilikuwa nimesahau gitaa ni la nani. Watu hawakucheza, miguu yao haiwezi, lakini hakuna aliyetoka. Tulipomaliza wakasimama. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mwanamume mwenye kofia mkononi. Alikuwa Baba Mdogo. Kama hakukwambia kwamba alikuja, basi anisamehe kwa kumchongea.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo, akaja mzee mmoja mshonaji wa makoti. Mfukoni alikuwa na kaseti yetu ya zamani, kasha lake limepasuka na kufungwa mpira. Aliniambia alisikia mpiga gitaa wetu alifariki, na kwamba amekuja amekasirika, apate kumwona huyo anayethubutu. Akasema wakati wa wimbo wa pili alifumba macho, na alichokisikia ni mkono ule ule wa kwenye kaseti. Akamgeukia Fundi Saa, akamwuliza ni nani aliyewazushia watu kwamba mpiga gitaa amekufa. Fundi Saa ghafla akawa na kazi nyingi na skrubu za matoazi yake. Baba Mdogo alikuwa karibu, akaingilia, akamweleza yule mzee kwamba marehemu na mimi ni ndugu wa tumbo moja, mkono ni wa ukoo. Mshonaji akakataa. Akasema, "Mimi nimeshona miaka arobaini. Mshono wa mtu naujua. Ndugu wawili hawashoni mshono mmoja."

Baba Mdogo alinitazama, nami nikainama kukunja nyaya.

Jumapili asubuhi Mwalimu na Fundi Saa walikuja kwangu. Tangu Jumamosi watu wameanza kuiulizia ile albamu ya kwanza, na tumekubaliana itolewe upya kwenye diski. Jalada litachapwa hapa kiwandani. Mwalimu aliweka mezani ukurasa wa majina, wenye majina ya wapigaji wote wa zamani, na kwenye mstari wa gitaa aliacha wazi. Akasema yeye hataujaza tena uongo, na wala hataujaza ukweli kabla sijazungumza na wewe.

Sasa mama, naomba uketi, na kama umevaa miwani usiivue.

Studio tuliyorekodia kaseti ile ilikuwa nyuma ya karakana ya samani. Tuliweza kurekodi pale tu maseremala walipozima mashine kwenda kula, saa sita hadi saa nane. Siku ya kwanza Kaka alianza wimbo mara tatu, na mara zote tatu nyuzi zikatoa sauti ya nzi. Aliweka gitaa magotini, akamwomba fundi mitambo atupishe. Ndipo akatuambia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeingia ganzi tangu miezi minne nyuma. Unakumbuka vile vikombe alivyokuwa anaviangusha, ukamwita mzembe? Ulikuwa ndio ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaanza, nasi hatukuujua jina. Mwalimu akashauri tuache. Kaka alikataa. Alisema kila anachopiga yeye mdogo wake anakijua, kwa sababu tangu ana miaka kumi na miwili hukaa mbele yake akimtazama vidole.

Ilikuwa kweli. Tulimlipa fundi mitambo ili siku zisogezwe, na kwa siku kumi na moja Kaka alinifundisha nyumbani kwako, mle katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Wewe ulikuwa unapita na nguo za kuanika, unagonga ukuta na kusema leo mkono umekolea, mwanangu. Yeye alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Mwenye gitaa nilikuwa mimi.

Kaseti nzima gitaa ni mimi, mama. Nyimbo zote sita. Nilipiga besi kwanza, kisha nikapiga gitaa juu yake, na Kaka ameketi kando yangu juu ya debe la rangi lililopinduliwa. Aliomba jalada liandikwe jina lake, nami nikakubali bila kinyongo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilimpenda. Ulikuwa umegombana na ukoo mzima ili aachwe afuate muziki, hakuwa na uso wa kukuambia mkono umekufa kabla ya kaseti ya kwanza. Alinitaka niahidi kwamba sitakwambia, atakwambia mwenyewe. Halafu ugonjwa ukapanda miguuni, akalala, nawe ukawa unamwekea kaseti pale kitandani na kuwaambia wageni wasikie mkono wa mwanao ulivyokuwa. Alikuwa ananitazama kutoka kwenye mto. Siku moja alianza, nilimsikia kwa masikio yangu, akasema, "Mama, hilo gitaa," nawe ukamwambia apumzike, asijichoshe na maneno. Hakuanza tena. Baada ya mazishi kaseti ndiyo iliyokubakia, nikajiuliza mimi ni nani hata nikunyang'anye.

Kuna kitu kimoja sikunyang'anyi. Katika wimbo wa tatu, kabla gitaa halijaingia peke yake, kuna mtu anavuta pumzi. Nimekuona mara nyingi ukiacha kazi yako hapo, ukisema huyo hapo mwanangu. Hapo hujakosea hata siku moja. Nilikuwa nachelewa kuingia, kila mara nachelewa, basi akaniinamia na kuvuta pumzi ili nijue ni sasa. Fundi mitambo alitaka kuifuta, Kaka akamkatalia. Na nyimbo ni zake, zote, kila sauti aliitunga yeye. Hakuna anayeweza kuliondoa hilo, na wa kwanza kulilinda nitakuwa mimi.

Lakini mkono ni wangu. Nimeambiwa na redio kwamba hakuna aliyetuita, nimeambiwa na ukoo kwamba nacheza na heshima ya marehemu, na wewe umeniambia nimevaa shati lake. Shati hili nimelishona mimi, mama, na miaka ishirini na moja nimekuwa nikisimama pembeni nikiwapigia makofi wanaomsifia mtu mwingine kwa shati hilo. Kwa kukuficha nakuomba radhi, nakuomba kwa magoti yote mawili. Kwa kupiga, siombi. Sikukosea kupiga wakati ule na sikosei sasa.

Ukurasa wa majina utachapwa Ijumaa. Utasema tungo ni za Kaka, kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti chake, na utasema gitaa na besi ni mimi, kwa jina ulilonipa wewe. Nitaukata mwenyewe. Sikuandikii kuomba ruhusa. Nimeona tu si vizuri ukasomewa na jirani. Ukitaka kunizuia usimtume Baba Mdogo, maana yeye amekwisha kusikia na moyo wake hautakuwa kwenye kazi. Njoo wewe. Tutapiga tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tisa, ukumbi ule ule, na viti vya mbele vina migongo mizuri kwa mtu mwenye goti. Ukija kwa ugomvi nitagombana nawe baada ya onyesho. Kabla yake nitakuwa na kazi.

Gitaa lake likae kwako. Usilitundike ukuta wa jikoni, mvuke utabandua mbao zake. Mimi la shule linanitosha, Fundi Saa amelichongea ufunguo mpya kutoka kwenye kipande cha saa ya ukutani.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie nilifurahi kumwona, na kwamba safari ijayo akae mbele. Msalimie jirani na kuku wake. Watoto wanakuamkia, mdogo anasema meno yakiota ndipo atakuja kukutembelea, si kabla. Mwalimu na Fundi Saa wanakusalimu kwa aibu kidogo. Tumia dawa ya macho, matone mawili asubuhi na mawili kabla ya kulala.

Ni mimi nikupendaye,
binti yako,
mpiga gitaa wa Saba na Nusu, albamu ya kwanza na ya pili.